Kukata Biashara ya Mpinzani kwenye Gemu za Himaya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa wachezaji wa Kisumu, Nakuru na Kakamega, wengine wakichezea laptopu, wengine simu. Karibu wote wanauliza jambo moja kwa njia tofauti: jeshi langu linatosha, mbona jamaa hafi? Mara nyingi jibu liko kwenye biashara yake. Gemu zinazotajwa zaidi hapa ni mfululizo wa Civilization, Age of Empires II, Hearts of Iron IV na Europa Universalis IV, kwa sababu ndizo zinazochezwa sana huku, na kila moja ina sheria zake.

Kukata biashara ni nini hasa? Si ni kupora tu?

Hapana. Kupora ni kuchukua cha mwenzako ili wewe upate. Kukata ni kuhakikisha yeye hapati, hata kama wewe huambulii kitu. Wakati mwingine mambo haya mawili huenda pamoja: katika Civilization VI ukiingiza kikosi kwenye kigae (kipande kimoja cha ramani) alichopo mfanyabiashara wa adui na kumpora, unapata dhahabu na yeye anapoteza njia nzima, na itambidi aunde mfanyabiashara mwingine tangu mwanzo. Lakini wengi wanaishia kwenye dhahabu. Wanazurura na farasi wao wakichoma mashamba mpakani, wanarudi wamefurahi, huku kiwanda cha mpinzani kikiendelea kutoa vifaru.

Nianze kukata nini?

Kitu kimoja ambacho vikosi vyake haviwezi kukaa bila hicho, na ambacho hana pengine pa kukipata. Hilo ndilo jibu lote. Mengine yote hapa chini ni namna ya kulitekeleza.

Mfano wa karibu ni mafuta katika Civilization VI ukiwa na nyongeza ya Gathering Storm ya 2019. Tangu nyongeza hiyo, rasilimali za kivita huwekwa akiba. Chuma na farasi hulipwa mara moja tu, wakati wa kuunda kikosi. Upanga ukishatoka kiwandani hauli tena chuma. Mafuta ni tofauti. Askari wa miguu wa zama za kisasa na vifaru hutumia mafuta kila zamu, na mtambo wa umeme ukiwa ni wa mafuta nao unakula humo humo. Akiba ya kawaida mwanzoni inajaa kwenye 50. Sasa piga hesabu: mtu mwenye vikosi 10 vinavyokula mafuta 1 kila zamu, ukimfungia visima vyote, akiba iliyojaa inamtosha zamu 5. Baada ya hapo vikosi bado vipo, vinatembea, vinatisha kwenye ramani, lakini nguvu yao ya kupigana imeshuka vibaya.

Tuliliona hili kwenye mchezo mmoja Milimani, Kisumu, laptopu zimepangwa mezani na waya mmoja wa ekstensheni ukizilisha zote. Jamaa kutoka Nakuru alikuwa na vifaru vingi kuliko wengine wote tukijumlishwa. Kisima kimoja kilikuwa jangwani nyuma ya miji yake, kingine baharini. Jirani yake hakugusa vifaru. Alituma nyambizi ikaharibu kisima cha baharini, na zamu hiyo hiyo wapanda farasi wake wa kisasa wakazunguka kwenye jangwa. Kisha akarudi nyuma ya mto, akajaza ngome, akangoja. Jamaa wa Nakuru alishambulia siku ya kwanza kwa nguvu zote, akavunja ukuta mmoja. Kufikia zamu ya sita vifaru vyake vilikuwa vinauawa na mizinga ya kizamani.

Angalia mpangilio wake: alikata visima vyote viwili kwa pamoja. Angekata kimoja kwanza, mwenzake angeshtuka na kukilinda cha pili.

Mbona nilikata chuma chake na hakuna kilichobadilika?

Kwa sababu ulikata kitu alichokwisha kukitumia, kama ulikuwa kwenye Civilization VI. Katika Civilization V mambo ni kinyume: kila kikosi kinachohitaji chuma kinashikilia chuma hicho muda wote kinapoishi. Akiwa na chuma pungufu ya vikosi alivyo navyo, vyote vinavyokitegemea hupigana kwa udhaifu. Na katika Civilization IV ya 2005, rasilimali lazima iunganishwe na miji kwa barabara, mto au pwani, kwa hiyo kuharibu kipande cha barabara kunaweza kutosha, mgodi wenyewe usiguswe. Soma sheria za gemu uliyo nayo kabla ya kutuma mtu.

Nitajuaje mpinzani anategemea nini?

Fungua dirisha la kufanya naye biashara hata kama huna nia ya kununua. Ukiona anatoa pamba tatu na hana chuma cha kuuza, umeshapata nusu ya habari. Katika Civilization VI, kumpelekea njia ya biashara kunakuongezea uwezo wa kuona mambo yake, na ujumbe wa kidiplomasia pia. Wapelelezi nao wana kazi, ingawa mimi huwatumia zaidi kuiba fedha katika wilaya yake ya biashara, maana hilo nalo ni kukata.

Njia nyingine watu huisahau: muulize. Kwenye mchezo wa watu, mtu akikutumia ujumbe kila baada ya zamu chache akitaka kununua shura, malighafi ya baruti, tayari amekueleza mpango wake wa bunduki.

Mahali gani pazuri pa kukatia?

Kabla ya njia kugawanyika. Chukua barabara ya kutoka Nakuru kuelekea magharibi. Ikifika Mau Summit inaachana: mkono mmoja unateremka Kericho hadi Kisumu, mwingine unaenda Eldoret hadi Malaba. Anayetaka kusimamisha malori ya pande zote mbili hahitaji kikosi Kericho na kingine Eldoret. Kwenye ramani ya gemu tafuta pa namna hiyo: kivuko, mlango wa bahari, pengo kati ya milima, au mji mmoja ambao wafanyabiashara wake wote wanaanzia hapo.

Kosa la kawaida ni kukaa karibu mno na mji wake. Mji una ukuta na mizinga. Kikosi chako kitapigwa kila zamu. Kaa ardhi isiyo ya mtu, pale msafara unapopita katikati ya safari. Na kikosi kisogezwe mahali hapo kabla hujatangaza vita. Kiwe kikosi cha mbio, wala si lazima kiwe na nguvu, kwa sababu msafara wenyewe hauna silaha.

Je, lazima nitangaze vita?

Hapana, na kwa maoni yangu njia zisizo na vita ndizo tamu zaidi, kwa sababu mpinzani anaweza asijue kuwa ameshambuliwa.

Ya kwanza ni kununua. Akiwa anategemea makaa ya mawe ya mtu wa tatu, nenda kwa huyo mtu wa tatu, mpe bei nzuri, chukua ziada yote. Kwenye Civilization V mapatano huchukua zamu 30 kwa mwendo wa kawaida, kwa hiyo ukimwahi siku mapatano yake yanapokwisha, atakaa muda mrefu bila kitu. Unaweza hata kuwa huyahitaji hayo makaa. Unalipia yeye asiyapate.

Ya pili ni miji huru, ile isiyo ya mchezaji yeyote. Katika Civilization VI, rasilimali za mji huru huenda kwa yule aliye mlezi wake, na mlezi ni mwenye wajumbe wengi zaidi, wasiopungua watatu. Ukimzidi kwa mjumbe mmoja tu, mafuta yaliyokuwa yakienda kwake yanakuja kwako zamu hiyo hiyo. Hakuna risasi, hakuna malalamiko ya vita. Kwenye Civilization V ni yule aliye mshirika wa mji, na huko unaweza kutumia mpelelezi kupindua serikali, ingawa ukishindwa mpelelezi anakufa. Wachezaji wetu wa Kiswahili hupenda sana Kilwa Kisiwani, ajabu la dunia lililoingia Civilization VI na nyongeza ya 2018, kwa sababu huja na wajumbe na kuongeza faida za miji unayoilea. Wanaijenga kwa fahari, lakini ni silaha ya kibiashara pia.

Ya tatu ni baraza la dunia. Kwenye Gathering Storm kuna azimio linaloweza kuifanya anasa fulani (bidhaa ya kufurahisha raia, kama pamba) isitoe starehe kwa yeyote, na jingine linaloweza kuzuia watu kupeleka misafara mipya kwa mchezaji mmoja. Weka akiba ya kura zako kwa siku hiyo.

Na kuna washenzi, vikosi vya porini visivyo vya mchezaji yeyote. Ukiwasha namna ya kucheza yenye koo za washenzi katika Civilization VI, unaweza kuwalipa wamsumbue mwingine. Ni chafu kidogo. Inafanya kazi.

Niliharibu mgodi wake, baada ya muda mfupi umerudi. Nifanye nini?

Kamata mjenzi kwanza. Katika Civilization VI mjenzi hukarabati kilichoharibiwa bila kupunguza idadi ya kazi alizobakiza, kwa hiyo kwa mpinzani mwenye mjenzi karibu, uharibifu wako ni usumbufu mdogo tu. Mwache mjenzi aje, mkamate, ndipo uchome. Sasa una mjenzi wa bure na yeye analazimika kuunda mwingine na kumtembeza kutoka mji wa mbali. Kama huwezi kumkamata, acha kikosi kimesimama juu ya kigae chenyewe, maana hakuna anayekarabati kigae kilichokaliwa na adui.

Kukata anasa kuna maana, au ni rasilimali za kivita tu?

Inategemea ukubwa wa himaya yake. Katika Civilization V kila aina ya anasa huleta furaha 4 kwa himaya nzima, na nakala ya pili haiongezi kitu. Mtu aliyepanuka haraka anaishi ukingoni. Mwondolee aina mbili, na ukuaji wa miji yake unadorora; furaha ikishuka chini ya -20, kwa wenye nyongeza ya Gods & Kings, waasi wanaanza kuibuka ndani ya nchi yake na analazimika kurudisha jeshi nyumbani. Katika Civilization VI kila aina hutoa starehe kwa miji minne tu, kwa hiyo pigo husambaa na kuwa dogo. Huko mimi huacha anasa na kwenda kwenye mafuta.

Age of Empires II je? Hakuna misafara mingi kule.

Ipo, na huko ndiko kukata biashara kunakoamua mechi kuliko gemu nyingine yoyote ninayoijua, mradi ni mchezo wa timu. Katika mmoja kwa mmoja huna mshirika wa kufanya naye biashara, kwa hiyo swali hilo halipo. Pigania mabaki matakatifu na bei za sokoni.

Katika mchezo wa timu, dhahabu ya ardhini inaisha. Baada ya hapo timu inaishi kwa magari ya biashara yanayotembea kati ya soko lako na soko la mshirika, na kadiri masoko yanavyokuwa mbali ndivyo kila safari inavyolipa. Ndiyo maana utawakuta wamepanga masoko kwenye pembe za ramani, nyuma kabisa, na mstari mrefu wa magari katikati. Gari moja ni mbao 100 na dhahabu 50. Halipigani. Ukiingiza Hussar (wapanda farasi wepesi) ishirini nyuma ya ukuta, kwa muda wa mtu kupiga simu mbili utakuwa umeua magari ambayo yalimchukua mwenzako sehemu kubwa ya mchezo kuyaunda. Tena Hussar hagharimu dhahabu, ni chakula tu. Unatumia chakula kuua dhahabu.

Mambo mawili ambayo wachezaji wa hapa hukosea. La kwanza, wanaingia kwenye tundu moja la ukuta na kufukuzana na wakulima wakiwa humo. Achana na wakulima. Nenda kwenye mstari wa magari, ufuate kutoka upande wa soko la mshirika dhaifu, kwa sababu msaada unachelewa kufika huko. La pili, wanasahau soko lenyewe. Ukibomoa masoko ya mshirika mmoja, magari ya wenzake hayana pa kwenda, hata kama hujaua hata gari moja.

Baada ya dhahabu kukatika usikimbilie kumaliza mchezo. Atabaki na mikuki, warusha mikuki na farasi wepesi, ambao hawahitaji dhahabu. Wewe endelea kutoa vikosi vya dhahabu na umsukume polepole, na usisahau kuwa naye pia anaweza kuuza chakula sokoni apate dhahabu kidogo kwa bei inayozidi kushuka.

Na baharini?

Hearts of Iron IV ndiyo shule nzuri. Huko kiwanda kimoja cha kiraia hununua vipimo 8 vya rasilimali kutoka nchi nyingine, na kama njia ni ya bahari, mzigo hubebwa na meli za mizigo. Nyambizi zikipewa kazi ya kuwinda meli hizo, unapunguza mpira, mafuta na alumini yake bila kugusa mpaka. Uingereza inaumia sana kwa hili kwa sababu mpira wake unatoka koloni la Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo), mbali kabisa. Lakini angalia ramani kabla ya kujenga nyambizi: Ujerumani ikinunua mafuta ya Romania, mzigo unapita nchi kavu. Nyambizi zako hazitaona chochote. Huko unahitaji ndege za mabomu au wanadiplomasia.

Europa Universalis IV inafikiri kwa mikondo. Biashara inatiririka upande mmoja kutoka kituo hadi kituo, ikielekea Ulaya, na anayeshika sehemu kubwa juu ya mkondo ndiye anayeamua kitakachofika chini. Ukianza 1444 ukiwa Kilwa, uko kwenye kituo cha Zanzibar, mahali ambapo mwenye nguvu wa baadaye atatamani kupita. Merikebu nyepesi za kulinda biashara zikiwa nyingi pale, unamnyima bila vita. Vikwazo pia vinasaidia, ila viwekee mpinzani uliyemtangaza rasmi kuwa hasimu. Ukimwekea mwingine yeyote, ufanisi wa biashara yako mwenyewe unashuka, na aliyewekewa vikwazo anapata sababu ya kukupiga vita.

Kwa nini kila nikianza mimi ndiye ninayefilisika?

Kwa sababu ulikuwa unafanya naye biashara. Vita vinavunja mapatano na misafara kati yenu pande zote mbili, na pengine dhahabu yako ya kila zamu ilikuwa inatoka kwake. Hamisha misafara yako kwa mtu mwingine au kwenye miji yako mwenyewe kwanza. Katika Civilization VI misafara ya ndani huleta chakula na uzalishaji badala ya dhahabu, kwa hiyo hutabaki mikono mitupu.

Akibanwa sana atafanya nini?

Atakurukia, na ni vizuri ujue hivyo. Marekani ilipoizuia Japani isipate mafuta katikati ya 1941, Japani haikukaa ikangoja akiba iishe. Desemba mwaka huo huo ilishambulia Pearl Harbor na kuelekea visima vya kusini-mashariki mwa Asia. Kwenye gemu ni vivyo hivyo. Zamu chache baada ya kumkata ndizo hatari zaidi, kwa sababu vikosi bado vina mafuta na mwenyewe anajua saa inahesabu. Jenga kuta kabla, si baada. Na kama kuna chanzo kingine cha rasilimali hiyo jirani na wewe, jua ndiko atakakoelekea.

Wenzangu mezani watanichukia?

Kidogo. Mezani kwetu watu humsamehe anayechoma mji kuliko anayenyima mafuta kimya kimya, sijui kwa nini. Zaidi ya chuki, tazama nani anafaidika: ukitumia zamu ishirini kumkausha mmoja, wa tatu anajenga roketi ya kushindia mchezo. Ujerumani ilipoanza 1917 kuzamisha meli bila kubagua, ikiwemo mizigo ya wasiohusika, Marekani iliingia vitani miezi michache baadaye. Gonga mizigo ya mpinzani wako, ya wengine iache ipite.

Nami nijilinde vipi?

Nunua kutoka sehemu mbili. Weka kikosi kimoja kwenye kila kisima cha maana, hata kiwe cha zamani. Jaza akiba kabla ya vita. Katika Age of Empires II, ukuta nyuma ya magari, na kasri pale mstari unapopinda.

Nina simu tu, na bando si la kuchezea. Nianzie wapi?

Unciv. Ni ya bure, ni nyepesi, inachezeka bila intaneti, na inafuata sheria za Civilization V pamoja na Gods & Kings. Misafara haimo, lakini anasa, chuma, farasi, miji huru na uharibifu wa migodi vyote vimo, na hivyo vinatosha kujifunzia. Mwenye kompyuta ya zamani ajaribu Freeciv, ambayo nayo ni ya bure. Kwa kucheza pamoja, mmoja awashe hotspot na wengine wajiunge. Mchezo ukienda ndani ya mtandao wenu wenyewe hauli bando. Laptopu zijazwe chaji kabla ya kuanza, la sivyo stima ikikatika ni simu ya hotspot pekee itakayobaki hai.